Usalama wa Mitaa Yetu Utengewe Fungu Lake

Kila mwaka, ufikapo msimu wa bajeti, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hukaa Chukwani wakayapima, kifungu kwa kifungu, makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali. Fedha za mahakama hutajwa, za vikosi hutajwa, za Vyuo vya Mafunzo hutajwa. Zote huulizwa maswali na hatimaye hupitishwa. Lakini ipo kazi moja kubwa ya kuweka amani katika visiwa hivi ambayo haina sheria ya kuitengea fedha, nayo ni ile ifanywayo na wananchi wenyewe. Ni kazi ya mzee anayewasuluhisha majirani kabla hawajashikana mashati; ya mama anayekwenda kumtoa kijiweni mtoto asiyemzaa; ya msaidizi wa sheria anayekaa na mke aliyefukuzwa nyumbani usiku; na ya kijana aliyeacha unga ambaye hukesha na mwenzake aliyeshikwa na arosto. Watu hawa wote hawana mshahara, na wengi wao hulipa nauli ya daladala kutoka mifukoni mwao.

Twaamini kwamba wakati umewadia wa kuandikwa mswada utakaoitambua kazi hiyo na kuiwekea fungu la kudumu katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Tunalisema hili tukijua kwamba wako watakaotujibu kwamba dola haiwezi kulipa mazungumzo ya barazani. Nasi twawauliza: je, dola hailipi gharama ya kukosekana kwa mazungumzo hayo?

Natuchukue mfano ambao kila msomaji wetu wa Mjini anaujua. Kijana amenyakua simu Darajani. Akiwa na bahati mbaya, umati humpiga kabla askari hajafika. Akiwa na bahati njema, hupelekwa Madema, akafunguliwa jalada, akafikishwa mahakamani, akakosa mdhamini, akarudishwa rumande. Kesi huahirishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kuwa shahidi ambaye ni mwenye simu amechoka kufunga duka lake kwenda kusubiri. Mwishowe kijana hufungwa au huachiwa. Akifungwa huenda Kilimani, mahali ambapo wenyeji wa mji bado hupaita Kiinua Miguu, akakaa na waliomzidi umri na ujuzi. Mwenye simu hakurudishiwa simu wala thamani yake. Mama wa kijana ameuza khanga zake kutafuta wakili. Serikali imemlisha na kumlinda mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Naye kijana atakapotoka atarudi Darajani, kwa kuwa hakuna mahali pengine panapomngoja. Katika safari yote hiyo ndefu hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza kwa nini aliiba, na jibu la swali hilo, mara nyingi mno, ni unga.

Haya si mageni kwa Zanzibar, wala fikra ya kurekebisha badala ya kutesa haikuletwa na meli juzi. Nchi yetu iliamua zamani kuliacha jina la jela. Sheria ya mwaka 1980 inayosimamia Vyuo vya Mafunzo iliweka katika maandishi kwamba mhalifu ni mtu wa kufundishwa, na hadi leo waliomo humo huitwa wanafunzi. Kila ifikapo sherehe ya Mapinduzi, Januari 12, twasoma kwamba Rais amewasamehe wanafunzi kadhaa. Jina ni zuri na nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwanafunzi anayemaliza chuo hiki hutoka bila ya cheti kinachomfaa kwa mwajiri, na shehia anayorudi haina mtu aliyepewa dhamana ya kumpokea. Tumebadilisha neno, tukaiacha njia ya kurudi nyumbani ikiwa na miba ile ile. Kule Changuu kuna gereza lililojengwa katika miaka ya 1890 ambalo halikupata kufungiwa mfungwa. Liligeuzwa karantini, na leo wageni huenda huko kutazama kobe. Laiti majengo yetu yote ya namna hiyo yangekuwa na historia njema kama hiyo!

Katika suala la unga tunao ushahidi wetu wenyewe, wala hatuna haja ya kuazima wa wengine. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulionesha kwamba katika kila watu 100 wanaojidunga sindano, 16 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa wananchi wote kwa jumla kiwango kilikuwa chini ya mmoja katika mia. Kamatakamata ilikuwapo miaka yote hiyo. Mwaka 2009 vijana ambao wenyewe walikuwa wameonja dhiki hiyo wakaanza kufungua nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mitaani huitwa soba. Walikodi nyumba za kawaida, wakapika chungu kimoja, wakaweka masharti yao na kuyasimamia wenyewe. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2012, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 11.3. Hatudai kwamba soba pekee ndizo zilizofanya hivyo, kwani walikuwapo pia watoa ushauri nasaha, wapimaji na waelimishaji rika. Lakini hao nao walikuwa watu wa mitaani waliowafikia wenzao vichochoroni, mahali ambapo gari la polisi likitokea watu wote hukimbia. Mwaka 2015 Serikali ikafungua kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu, na wazazi waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kuwaona watoto wao wakiamka asubuhi kwenda kunywa dawa badala ya kwenda kuiba.

Sasa tuulize: nyumba hizo huishi kwa nini? Huishi kwa ada za familia, sadaka za watu wema na misaada ya wafadhili. Familia maskini ikishindwa ada, kijana hurudi mtaani katikati ya matibabu. Ama wafadhili, Januari 2025 tulijionea sote jinsi sahihi moja iliyotiwa Washington ilivyosimamisha misaada ya nje ya Marekani, na huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwa miongoni mwao, zikatikisika. Amani ya Kikwajuni na Mwanakwerekwe haipaswi kutegemea hali ya hewa ya kisiasa ya nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Mwaka 2021 Baraza letu lilitunga sheria mpya ya kuunda Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, yenye meno makali dhidi ya wafanyabiashara wa unga. Tuliiunga mkono na tungali tunaiunga mkono. Mwenye kuuza sumu ashikwe. Lakini mwenye kuinywa hana budi atibiwe, na aliyejitolea kumtibu asiachwe aombe kodi ya nyumba kama mwombaji wa msikitini.

Huko Marekani jambo hili limezua mabishano makubwa tangu mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na askari katika mji wa Minneapolis. Mwezi Juni 2021 Mbunge Cori Bush wa Missouri alipeleka katika Bunge la nchi hiyo mswada wa kugharimia njia za usalama zinazoongozwa na jamii yenyewe; haukupita. Novemba mwaka huo huo wakazi wa Minneapolis walipiga kura wakakataa kuivunja idara yao ya polisi na kuunda nyingine mahali pake. Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, kulikuwa na kikosi cha watu wasio na silaha, mwuguzi na mshauri, kilichoanza mwaka 1989, ambacho kilipelekwa kwa mgonjwa wa akili au mlevi badala ya askari. Kikasifiwa dunia nzima, na mwezi Aprili 2025 kikafunga huduma zake katika mji huo kwa uhaba wa fedha. Miaka zaidi ya 35 ya kazi njema haikutosha kukiokoa.

Ugomvi wa Wamarekani, wa kumnyang'anya polisi fedha ili apewe mwingine, si ugomvi wetu. Polisi ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na bajeti yake hupitishwa Dodoma. Chukwani haiwezi kuipunguza wala kuiongeza hata ikitaka. Lakini mahakama zetu, Vyuo vya Mafunzo, masheha, ustawi wa jamii na afya ni vya Serikali ya Mapinduzi. Kwa hiyo tunachokiomba kiko ndani ya uwezo wa Wawakilishi wetu moja kwa moja, na hakuna atakayesema kwamba kimekwama ng'ambo ya maji.

Jirani zetu nao wamekwisha kutangulia. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2006, iliwapa wasuluhishi wa vijiji, Abunzi, mamlaka ya kusikiliza migogoro midogo kabla haijafika mahakamani. Huchaguliwa na wananchi wenzao, wanawake wamo, na ingawa hawalipwi mshahara, Serikali huwalipia bima ya afya wao na jamaa zao. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, imeziagiza mahakama ziendeleze suluhu na njia za jadi za kumaliza migogoro.

Hata hivyo tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeimba sifa za jamii na kunyamazia aibu zake. Ziko hatari tatu, na mswada usioziona heri usiandikwe.

Ya kwanza ni muhali. Kila Mzanzibari analijua neno hili, maana ameishi nalo. Mtoto amedhalilishwa, aliyemdhalilisha ni ami, ni mwalimu, ni jirani ambaye jana alishika jeneza la bibi yake. Wazee hukutana, hupelekwa fedha au mbuzi, husemwa maneno matamu ya kuhifadhi heshima ya ukoo, na mtoto huambiwa anyamaze. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, lakini katika jambo hili tumeficha hadi tumezalisha maafa. Ni kwa sababu hiyo mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji zilianzishwa mwaka 2021, na masharti ya dhamana yakakazwa. Mswada tunaoupendekeza lazima useme wazi, kwa kifungu kisichokuwa na mlango wa nyuma, kwamba hakuna kamati ya mtaa, mzee, imamu wala sheha mwenye ruhusa ya kusuluhisha kosa la kubaka, kulawiti au kumdhalilisha mtoto, na kwamba anayefanya hivyo naye ni mkosaji. Nafasi ya jamii katika mambo hayo ni kumlinda mtoto, kumsindikiza hospitali na kituoni, na kuisaidia familia ambayo baada ya kushitaki hutengwa na mtaa mzima. Hiyo nayo ni kazi inayohitaji nauli na chakula, na fungu la fedha liifikie.

Ya pili ni fimbo. Katika shehia kadhaa tumekuwa na vikundi vya ulinzi shirikishi, vijana wanaolinda usiku kwa michango ya nyumba kwa nyumba. Wamezuia wizi, hilo hatulikatai. Lakini kijana aliyepewa rungu na asipewe mafunzo wala msimamizi, haichukui muda kabla hajaanza kuamua yeye nani mwizi na nani mwenye mavazi yasiyompendeza. Kule Bara, sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikomesha wizi wa ng'ombe kwa pinde na mishale, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Lakini historia yao ina kurasa za damu pia, za watu walioteswa bila ya kusikilizwa. Hapa kwetu, wakati wa mvutano wa uchaguzi wa mwaka 2015 na marudio yake ya Machi 2016, wananchi walilalamika juu ya makundi ya watu waliofunika nyuso yaliyokuwa yakipiga watu mitaani usiku. Nani asiyekumbuka jinsi watu walivyokuwa wakifunga milango mapema? Kwa hiyo fedha hizi zisinunue rungu hata moja. Mwenye kutaka kukamata, awe askari, aape, avae sare yenye nambari, ajibu mahakamani.

Ya tatu ndiyo nyeti zaidi, nayo ni nani atakayeongoza. Wepesi wa mawazo utasema: mpe sheha. Sheha ni kiungo kikongwe cha utawala katika visiwa hivi, jina lake ni la kale kuliko dola zote zilizotutawala tangu Sultani. Wako masheha ambao kazi yao tunaivulia kofia. Lakini sheha wa leo huteuliwa na Serikali, na barua yake ndiyo ifunguayo au ifungayo mlango wa kitambulisho na daftari la wapiga kura. Katika shehia nyingi upande mmoja wa kisiasa humwona kuwa ni wake, na upande wa pili humwona kuwa ni jicho la mwenziwe. Msuluhishi anayeaminiwa na nusu ya mtaa hasuluhishi. Tunapendekeza basi kamati ichaguliwe na wakazi wa shehia wenyewe, mkutanoni, bila ya vyama, wanawake wasipungue nusu, na ndani yake awemo msaidizi wa sheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018. Sheha apewe taarifa, asipewe kiti cha mwenyekiti.

Kwa nini tunasisitiza msaidizi wa sheria? Kwa sababu Zanzibar imekwisha kujaribu haki ya wananchi isiyo na wanasheria. Mahakama za Wananchi zilizoundwa kwa amri ya mwaka 1969 ziliendeshwa na watu wasiosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Zilikusudiwa kuileta haki karibu na mnyonge. Zilipofutwa mwaka 1985 si wengi waliozililia. Ukaribu peke yake hautoshi. Asiyeridhika na suluhu ya mtaa lazima abaki na haki yake yote ya kwenda mahakamani, na aambiwe hivyo tangu mwanzo kwa lugha anayoielewa.

Pamoja na tahadhari hizo, hatuyumbi katika rai yetu, na sababu kubwa kuliko zote tunaipata katika historia yetu ya karibuni. Baada ya damu iliyomwagika Januari 2001, visiwa hivi vilijaa askari kwa miaka, na chuki haikupungua. Kilichoipunguza ni watu wawili, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kukaa na kuzungumza mwezi Novemba 2009. Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa wa utulivu ambao hatukuuzoea. Yaliyofuata yalileta machungu mengine, lakini nani atakayekana kwamba mwaka ule mazungumzo yalifanya kazi ambayo bunduki zilishindwa? Na watu wa Makunduchi, wanaopigana kwa migomba kila Mwaka Kogwa ili kinyongo cha mwaka kiishie uwanjani, watatuambia kwamba wao walilijua hilo zamani.

Haraka ipo. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012; karibu nusu yetu tumebanana katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Mwaka 2024 walikuja watalii zaidi ya 700,000. Mgeni mtu mzima hulipa bima ya dola 44 kwa ajili ya usalama wake akiwa hapa, na Mji Mkongwe una kamera zinazotazama vichochoro usiku na mchana. Hatuna ugomvi na bima wala kamera. Ila kamera humwona kijana anapochomoa kisu. Haikumwona miaka mitatu nyuma alipoacha skuli, akakaa pwani ya Paje au Nungwi akaitwa papasi, akafukuzwa kila mlango wa hoteli iliyojengwa palipokuwa na shamba la babu yake. Waliomwona ni majirani.

Ama fedha zitatoka wapi, chanzo kimoja ni mali zinazotaifishwa kwa wafanyabiashara wa unga, maana ni haki mali hiyo irudi kuwatibu iliowaharibu. Chanzo cha pili ni sehemu ya faini zinazotozwa mahakamani. Si fedha nyingi kugawanywa kwa shehia karibu 400 za Unguja na Pemba, na kwa hiyo twashauri kuanza na shehia chache, za Mjini na za shamba, kwa miaka mitatu, hesabu zibandikwe ukutani kila robo mwaka, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu azikague kama fedha yoyote ya umma. Hatutaki tena mradi unaozaliwa kwa semina hotelini na kufa kwa posho.

Mswada huo ukiandikwa, usipelekwe Chukwani kabla haujasomwa kwa sauti katika mabaraza ya mitaa, kuanzia Jaws Corner hadi Mkokotoni, nao wanaosuluhisha bure leo waulizwe wanahitaji nini. Huenda wakaomba kidogo kuliko tunavyodhani: nauli, chumba chenye mlango wa kufunga, daftari. Nasi kwa upande wetu, siku utakapotangazwa katika Gazeti Rasmi, tutauchapisha wote katika ukurasa huu, kifungu kwa kifungu, pamoja na barua za wale watakaoupinga.